Sura ya Saba: Kusoma Bila Mtihani

Binti yangu hufunika vitabu vyake kwa karatasi ya kaki, kisha huandika jina lake na mkondo wake kwa wino mweusi kwenye kona. Ndiyo maana usiku ule umeme ulipokatika, nilikishika kitabu kilichokuwa mezani bila kujua ni kipi. Simu ilikuwa imebakiza chaji kidogo, baba watoto alikuwa bado njiani, na taa ya kuchaji ilikuwa palepale pembeni yangu. Nikafungua. Ukingoni mwa ukurasa wa kwanza kulikuwa na herufi za penseli: D, M, F. Sikuhitaji kuambiwa maana yake. Dhamira, migogoro, falsafa. Nimemaliza kidato cha nne zaidi ya miaka 25 iliyopita, lakini herufi zile nilizisoma kana kwamba nimeziandika mimi.

Kitabu kilikuwa Takadini cha Ben J. Hanson. Kilitoka kwa Kiingereza mwaka 1997, na tafsiri yake ya Kiswahili imekuwa kitabu teule katika shule za sekondari za Tanzania kwa miaka mingi. Enzi zangu hakikuwamo kwenye orodha. Nilianza kukisoma ili muda upite. Sekai, mke aliyekaa miaka mingi bila mtoto, anajaliwa mtoto wa kiume. Mtoto anazaliwa na ualbino, na mila ya watu wake inataka mtoto wa namna hiyo asiishi. Mama anamchukua kichanga wake na kutoroka. Umeme uliporudi sikuinuka kuzima ile taa. Nilikuwa mbali, natembea na mwanamke huyo, nategea sikio nyuma kama kuna nyayo.

Asubuhi binti yangu alikuja na kitabu mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Mama, ni wewe uliyekunja ukurasa?"

"Ni mimi. Nimefika wanapopokelewa kwa Chivero. Usinisimulie kinachofuata."

Alinitazama kidogo. "Lakini mama, hiki si cha kidato cha tatu?"

Swali lile nimekaa nalo muda mrefu. Aliliuliza kwa heshima, na alikuwa na haki ya kuliuliza, kwa sababu sisi wakubwa ndio tuliomfundisha kwamba kitabu kina darasa lake, na ukishavuka darasa umeshavuka na kitabu. Katika sura hii nataka kumjibu, nikiwajibu pia watu wazima wanaotamani riwaya za vijana na kuona haya kuzishika.

Duara moja

Bibi yangu aliposema "paukwa", waliojibu "pakawa" walikuwa ni nyumba nzima. Alikuwapo mtoto wa miaka minne aliyekuwa karibu kusinzia, walikuwapo shangazi waliokuwa wakichambua mchele, na alikuwapo babu aliyejifanya anasikiliza redio. Jando na unyago vilikuwa na mafunzo yake ya rika, na hayakuchanganywa. Hadithi za usiku zilikuwa za wote. Fisi alipotumbukia shimoni kwa tamaa yake, sisi watoto tulimcheka fisi. Wakubwa walicheka pia, ila wao walikuwa wanamjua fisi huyo kwa jina na nyumba anayokaa. Hadithi ilikuwa ileile, na kila mmoja aliondoka na fungu lake.

Hata vitabu vya vijana, vilipoanza kuandikwa, vilikuwa na duara la namna hiyo. Mwaka 1881, katika kijiji cha Braemar huko Scotland, Robert Louis Stevenson alichora ramani ya kisiwa pamoja na mtoto wa kambo, Lloyd, aliyekuwa na miaka 13. Kutokana na ramani ile akaanza kuandika hadithi ya hazina na maharamia, na kila alipomaliza sehemu aliwasomea watu wa nyumbani. Aliyenogewa kupita wote alikuwa baba yake Stevenson, mhandisi wa minara ya taa za bahari, mtu mzima mwenye heshima zake. Mzee huyo hakuishia kusikiliza. Aliketi akaorodhesha vitu ambavyo vingekutwa ndani ya sanduku la baharia mzee Billy Bones, na orodha yake ikaingia kitabuni. Babu, baba na mtoto, wote juu ya ramani moja.

Kitabu hicho kilitufikia mwaka 1929 kwa jina la Kisiwa chenye Hazina, kikitafsiriwa na Frederick Johnson. Mwaka huohuo Johnson alitoa pia Mashimo ya Mfalme Sulemani, riwaya ya H. Rider Haggard ambayo mwandishi wake aliitabaruku kwa wavulana wote watakaoisoma, wakubwa kwa wadogo. Wazee wetu waliokuwa walimu na makarani walivisoma vitabu hivi wakiwa na watoto wao na ndevu zao, na sijawahi kumsikia mmoja wao akiomba radhi kwa hilo.

Kuta zilijengwa baadaye, na sehemu kubwa zilijengwa kwa ajili ya kupanga rafu. Nchini Marekani, riwaya nyingi zenye chapa ya "kwa vijana" hufuatisha ukoo wao hadi The Outsiders ya mwaka 1967. Mwandishi wake, S. E. Hinton wa mji wa Tulsa, alianza kuiandika akiwa na miaka 15 na ikachapishwa akiwa na 18. Wachapishaji, maktaba na maduka wakaona kuna wasomaji wa umri ule, wakawatengenezea rafu. Lakini wasomaji hawakukaa walikopangwa. Vitabu vya Harry Potter vilipoanza kusomwa na watu wazima wa Uingereza ndani ya treni, mchapishaji Bloomsbury alitoa mwaka 1998 nakala zenye jalada jingine, la kiutu uzima, maneno ndani yakiwa yaleyale. Mwaka 2012 kampuni ya utafiti wa soko la vitabu ya Bowker ilitangaza kwamba Marekani asilimia 55 ya wanunuzi wa vitabu vilivyokusudiwa wasomaji wa miaka 12 hadi 17 walikuwa watu wa miaka 18 na zaidi. Kundi kubwa kuliko yote lilikuwa la miaka 30 hadi 44, na wengi wao walisema wanajinunulia wao wenyewe.

Sisi jalada la kiutu uzima tunalo tayari. Ni karatasi ya kaki. Nimekisoma Takadini kwenye daladala kwa siku nne, na hakuna aliyejua ninachosoma. Siku ya tano nilikivua kaki.

Riwaya tuliyonyang'anywa

Kwetu haya ya kusoma riwaya za vijana ina mzizi mwingine, na mzizi huo ni mtihani. Wengi wetu riwaya ya kwanza kuishika ilikuwa kitabu teule, na kwa wengi ndiyo ilikuwa ya mwisho. Tuliifundishwa kwa vifungu viwili, fani na maudhui. Chini ya maudhui tukaweka dhamira, ujumbe, migogoro, falsafa na msimamo. Chini ya fani tukaweka muundo, mtindo, wahusika, mandhari na matumizi ya lugha. Mwisho tukapima kufaulu na kutofaulu kwa mwandishi. Kisha likaja lile swali ambalo kila aliyesoma sekondari amekutana nalo: onesha kwa hoja tatu kutoka katika kila riwaya jinsi jina la kitabu linavyosadifu yaliyomo.

Siwalaumu walimu. Mwalimu mwenye wanafunzi 80 darasani na nakala sita za kitabu hana budi kutafuta njia ya kuwavusha wote. Vifungu vile vilitufunza kutazama, na mpaka leo vinanisaidia. Lakini vilituwekea desturi moja mbaya: tulikifikia kitabu tukiwa tayari tunajua tunachokitafuta. Wenzangu wengi hawakukisoma kabisa. Walisoma uchambuzi wa kurasa 20 uliouzwa kwenye meza ya barabarani, wakafaulu. Wakaondoka shuleni wakijua dhamira za vitabu ambavyo hawajawahi kuvifungua, na wakaamini kwa dhati kwamba wamevisoma.

Basi anayerudi kwenye riwaya hizo akiwa na miaka 40 anachukua kitu kilichokuwa chake. Hakuna wa kumuuliza hoja tatu. Anaweza kusimama kwenye ukurasa mmoja wiki nzima kwa sababu mwanamke aliyemo amemkumbusha mama yake mdogo. Anaweza kumpenda mhusika ambaye mwalimu alimwita "mhusika bapa". Anaweza pia kufunga kitabu katikati akaenda kulala, kitabu kikabaki kinamsubiri kama mgeni anayejua kwamba mwenyeji atarudi. Nami nadhani raha ya riwaya huanzia hapo, pale ambapo hujui unatafuta nini.

Macho mawili

Kuna raha nyingine ambayo kijana hawezi kuipata, hata akiwa msomaji hodari. Riwaya ya vijana huonwa kwa macho ya mtu ambaye bado hajaelewa kila kitu. Msomaji wa umri wake huona anachokiona mhusika. Msomaji mkubwa huona hicho, na huona pia kilicho nyuma yake.

Mfano mzuri ninaoujua uko ndani ya The Outsiders. Msimulizi, Ponyboy, ana miaka 14. Wazazi wake wamekufa katika ajali ya gari, na anayeilea nyumba ni kaka mkubwa, Darry. Ponyboy anamwona Darry kama mtu mkali, asiyeridhika na lolote, ambaye huenda hata hampendi. Msomaji wa miaka 14 anakubali na kuchukia pamoja naye. Mtu mzima anatafuta umri wa Darry, anakuta ni miaka 20. Ni kijana aliyeacha nafasi ya kusoma chuo ili ndugu zake wasitawanywe, anayebeba mizigo ya vifaa vya kuezekea mapaa ili nyumba ile iendelee kusimama. Mwandishi hakubadilisha neno hata moja, lakini unasoma habari ya watu wawili pale kijana alipokuwa anasoma habari ya mmoja. Katika nchi yetu ambako dada na kaka wengi wamewalea wadogo zao baada ya msiba, sijui ni nani anayeweza kuupita ukurasa huo harakaharaka.

Macho haya mawili hufanya kazi kila mahali. Chukua Siku Njema ya Ken Walibora, iliyotoka mwaka 1996 na kusomwa na kizazi kizima cha wanafunzi wa Kenya. Kongowea anatoka Tanga kwenda Kenya kumtafuta baba asiyemjua. Ukiwa na miaka 16 unafuata safari: mipaka, njaa, wema wa watu wasiojulikana, Kiswahili kilichokolea. Ukiwa mzazi, kuna kiti kimoja kitupu kinachokaa machoni pako kurasa zote, kiti cha yule baba, na unajiuliza mtu hupitisha vipi miaka yote hiyo bila kugeuka nyuma. Chukua pia Watoto wa Mama N'tilie cha Emmanuel Mbogo. Watoto wanarudishwa kutoka shuleni kwa kukosa ada na sare, na mji wa Dar es Salaam unawapokea kwa namna yake. Kijana anawaonea huruma. Mimi, ambaye mchana wa kila siku ya kazi hula kwa mama ntilie karibu na ofisi yetu, nilisoma nikakumbuka kwamba kwa miaka mitatu sijawahi kumuuliza mama yule ana watoto wangapi na wanasoma wapi. Nilimuuliza Jumatatu iliyofuata. Ana wanne.

Na Takadini chenyewe, ukikisoma leo Tanzania, kina uzito ambao mwandishi hakuweza kuujua mwaka 1997 alipokitoa. Miaka kumi baadaye habari za kuuawa kwa watu wenye ualbino, hasa Kanda ya Ziwa, zilikuwa zinasomwa redioni. Mwaka 2009 mahakama ilitoa huko Kahama hukumu ya kifo kwa watu watatu kwa kumuua mtoto mwenye ualbino. Tangu 2015 ulimwengu huadhimisha kila tarehe 13 Juni Siku ya Kimataifa ya Uelewa kuhusu Ualbino. Binti yangu ameyakuta haya yote kama historia. Mimi niliyasikia yakitokea, mikono yangu ikiwa kwenye karai la vyombo, na nikaendelea kuosha. Kwake yeye kitabu ni cha Takadini, mvulana anayekua, anayejifunza kupiga mbira na kupendwa na msichana Shingai. Kwangu ni cha Sekai, na cha swali lililomo ndani ya jina la mtoto wake, kwa kuwa Takadini kwa lugha yao ni mtu anayeuliza: tumefanya nini?

Kumsikia mpaka mwisho

Nifike sasa kwenye jambo lililonifanya niandike.

Nilipokuwa na miaka 16 nilisoma Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi bwenini, kwa tochi, nakala iliyokwisha kupoteza jalada kwa kupita mikono mingi. Riwaya hiyo ya mwaka 1971 iliwahi kuzuiwa kutumika shuleni, na habari hiyo ilitosha kutufanya tuitafute. Mwanzoni Zakaria, baba yake Rosa, anagundua kwamba binti yake ameandikiwa barua na mvulana, Charles, na anampiga kwa ajili ya barua hiyo. Nilimchukia Zakaria kwa moyo wangu wote. Niliapa kwamba sitakuwa mzazi wa namna ile.

Niliirudia mwaka jana. Nilifika kwenye barua ile nikashindwa kuendelea, kwa sababu miezi michache kabla nilikuwa nimeichukua simu ya binti yangu akiwa bafuni. Nilisoma ujumbe wa mvulana mmoja. Sikumpiga. Nilipiga kelele hadi jirani akazima redio ili asikie. Binti yangu alifungua mdomo mara tatu kuniambia jambo, na mara zote tatu nilimwambia: "Nyamaza, naongea!" Sijui hadi leo jambo lenyewe lilikuwa lipi.

Zakaria si mtu wa kubuni tu. Ni sauti inayokaa kwenye koo la kila mzazi mwenye hofu. Kezilahabi alionesha inakoelekea: msichana aliyefungiwa mlango kwa kipigo anafika shule ya bweni, uhuru unamkuta hajafundishwa kuutumia, na hakuna mtu mzima anayeweza kumwendea kwa sababu wote amezoea kuwakimbia. Nilikuwa na kitabu hiki kichwani kwa miaka 25, nikiwa nimekihifadhi kwa hoja tatu, na hakikunisaidia siku niliyokihitaji. Nilikuwa nimekisoma kwa macho ya Rosa peke yake.

Katika nyumba zetu kijana hapati nafasi ya kumaliza sentensi. Tumelelewa kwamba mkubwa anaposema mdogo husikiliza, na kuna hekima ndani ya malezi hayo, nami sitaki yapotee. Lakini matokeo yake ni kwamba mzazi anaweza kumlea mtoto kwa miaka 18 bila kumsikia akisema jambo lake tangu mwanzo hadi mwisho. Tunamkatiza kwa methali. Tunamkatiza kwa habari za enzi zetu. Tunamkatiza kwa mapenzi, tukikimbilia kumuondolea shida kabla hajaieleza.

Riwaya hairuhusu hayo. Huwezi kumwambia Ponyboy anyamaze. Huwezi kumpa Kongowea nauli arudi nyumbani. Msichana anapofanya uamuzi wa kijinga ukurasa wa 60, inakubidi ukae kimya ndani ya kichwa chake na kuona kwamba, kutoka pale alipokuwa amesimama, uamuzi ule ulikuwa na sababu. Kitabu cha vijana kimekuwa kwangu mahali pa kujizoeza kumsikiliza kijana mpaka amalize. Raha yake na faida yake vimeingiliana kiasi kwamba siwezi tena kuvitenganisha.

Vitabu vinavyoshika fimbo

Sitaki msomaji adhani kila riwaya ya vijana ina utajiri huu. Rafu zetu zina vitabu vingi vilivyoandikwa kwa hofu. Mwandishi anamshika kijana mkono tangu aya ya kwanza, anampitisha kwenye kishawishi, anamwonesha adhabu, anamfikisha kwenye funzo. Msichana akipanda gari la mtu asiyemjua, ujue ukurasa wa 80 atakuwa mgonjwa. Miaka ya kampeni za UKIMWI ilizaa vitabu vingi vya namna hiyo, na nia ilikuwa njema, kwa maana watu walikuwa wanakufa. Lakini kijana hutambua upesi anapohutubiwa, na mtu mzima hutambua upesi zaidi, kwa sababu anajua kwamba maisha hayaadhibu kwa mpangilio ule. Wapo waliopanda gari wakafika salama, na wapo waliokaa nyumbani wakaumizwa na ndugu.

Hapa msomaji mkubwa ana kazi ya kweli. Akiwa msomaji wa dhati wa riwaya hizi, atazidai ziwe bora. Atamnunulia mpwa wake kitabu kinachouliza badala ya kile kinachokemea. Zimewahi kuwapo juhudi za kuinua uandishi huu. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanzishwa mwaka 1991, umesaidia kufikisha mamia ya vitabu shuleni, na Tuzo ya Burt, iliyofadhiliwa na Mkanada William Burt kupitia shirika la CODE, ilianzia hapa Tanzania na kuwapa waandishi wa riwaya za vijana sababu ya kukaa chini na kuandika. Tuzo humchochea mwandishi. Kinachomlisha ni msomaji anayetoa pesa mfukoni. Na mwenye pesa mfukoni ni sisi, wala si mwanafunzi wa kidato cha pili.

Kuna pingamizi moja nalisikia kwa wasomaji ninaowaheshimu: maisha ni mafupi, vitabu vizito ni vingi, kwa nini kutumia muda kwa vyepesi? Ninawajibu kwamba wepesi wa lugha haupimi uzito wa jambo. Kurwa na Doto ya Muhammed Saleh Farsy, iliyochapishwa mwaka 1960, inasomwa kwa jioni mbili, na ndani yake kuna kijiji cha Unguja kizima, kuna mapacha wawili na tabia mbili, kuna ndoa, wivu na mila, mambo ambayo riwaya ndefu hushindwa kuyaweka pamoja. Mwandishi wa vijana hana ruhusa ya kuzunguka. Akikupotezea muda kurasa kumi, kijana amekwisha mwacha. Ninapotoka kwenye vitabu vizito, ambavyo navipenda, nikaingia kwenye riwaya ya namna hii, huwa nakumbuka kwamba hadithi inatakiwa kwenda.

Kwa anayetaka kuanza

Anza na kitabu ulichowahi kufanyia mtihani. Kitafute kwa wauza vitabu vya mitumba, au mwombe mwanafunzi wa jirani akuazime wakati wa likizo. Usitafute kilekile ulichokuwa unakipenda. Tafuta kile ulichokichukia, kwa sababu kuna uwezekano mkubwa kwamba ulichokichukia ni swali la mtihani.

Usijiulize kinafunza nini mpaka ufike mwisho. Hili ni gumu kuliko linavyosikika kwa watu tuliolelewa kwa "hadithi hii inatufundisha kwamba". Ukijikuta unalisema, rudi nyuma kurasa mbili.

Kama una kijana nyumbani, someni nakala moja. Yeye aweke alama yake, nawe yako. Mkutane jikoni na kuulizana mmefika wapi, basi. Usimuulize dhamira, ana mwalimu wa kumuuliza hizo. Na tafadhali usikifanye kitabu kuwa mtego. Mzazi anayempa mtoto riwaya kwa sababu ina msichana aliyepata mimba, kisha akakaa kando kusubiri uso wa mtoto ubadilike, ameiharibu riwaya na ameharibu pia njia ya kurudi kwake.

Na kama huna kijana nyumbani, soma kwa ajili ya yule uliyekuwa. Naye huenda kuna mtu alimkatiza.

Takadini nilikimaliza usiku wa Jumapili. Kabla ya kukirudisha mezani nilipekua tena kurasa, nikizitazama zile herufi za penseli: D kwenye ukatili, M kwenye ugomvi wa wake wenza, F karibu na mwisho. Katikati ya kitabu, ukurasa ambao Sekai yuko peke yake na mtoto wake, kulikuwa na mstari mrefu wa penseli pembeni, juu hadi chini, bila herufi yoyote. Asubuhi nilimwonesha.

"Hii umeisahau. Ni dhamira au ni mgogoro?"

Akatikisa kichwa. "Hiyo si ya mtihani, mama."

Nilitaka kuuliza ni ya nini. Neno lilikwisha fika ulimini. Nikachukua kikombe changu cha chai, nikaketi upande wa pili wa meza, nikangoja. Ilichukua muda. Kisha akavuta kiti.